Ya Kwanza Haiko Yenu

Kamera ya Papa Foto ilikuwa inalala, na kazi kubwa ya mzee yule ilikuwa kuiamsha. Mimi nilikaanga mikate barazani kwake, chini ya dirisha la studio, tangu nilipomaliza sekondari mpaka juzi, kwa hiyo sauti ile naijua kuliko sauti ya mume wangu. Klak. Kimya. Klak. Klak ya kwanza inaamsha. Klak ya pili inapiga picha. Katikati hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

"Ya kwanza haiko yenu," aliwaambia watu waliokaa kwenye benchi mbele ya kitambaa cha bluu. "Mukae vizuri, mutazame vizuri. Lakini haiko yenu."

"Sasa iko ya nani, Papa?"

"Mukae tu."

Swali hilo hakulijibu kamwe. Nilimuuliza nikiwa na unga mikononi, nikamuuliza nikiwa na mimba, nikamuuliza nikiwa na hasira ya kutaka kumpiga na mwiko. Aliinamisha kichwa juu ya sanduku lake kama hakusikia. Jina lake sitaliandika. Mtaani kwetu, commune ya Tshopo, upande wa barabara ya barrage, lile bwawa la umeme, hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Tonton Foto, wakubwa Papa Foto, na mimi kuna miaka sikumwita kitu chochote, nilisema "wewe" tu.

Nieleze kwanza hiyo kamera, maana bila hiyo hamtaelewa hasira yangu.

Ni sanduku jeusi la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Haiwekwi jichoni. Inakaa tumboni, na mpigaji anainama kuitazama kutoka juu, kama mtu anayechungulia sufuria kuona kama mboga ya pondu imeiva. Ni ya wakati wa filimu. Filimu zilipoisha madukani Kisangani, wenzake wote wenye studio walinunua vikamera vidogo, halafu simu zikawamaliza. Yeye akakaa na sanduku lake tupu miaka mingi, akilipangusa kila asubuhi kama linakwenda kanisani. Halafu mtoto wa dada yake akamletea kutoka Kampala kitu cha mtumba alichokiita dos. Mgongo. Unatoa mgongo wa zamani uliobeba filimu, unaweka huu mpya, na ndani yake kuna kioo kidogo kinachoshika picha kama simu inavyoshika.

Shida iko hivi. Sanduku ni la zamani, ni springi na meno ya chuma tu, halina umeme, halijui kusema na mgongo. Kwa hiyo lazima kuwe na waya. Unatoka ubavuni mwa lenzi, unazunguka, unaingia kwenye mgongo. Lenzi ikifumbua, waya unapeleka habari: sasa. Waya ukilegea, lenzi inafumbua na kufumba, na mgongo haujui kama kulikuwa na mtu mbele yake. Sisi wanawake wa barazani tuliuita waya ule kitovu. Yeye alisema fil tu, yaani waya, na hakupenda tucheke. Ulipochanika aliufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akaufunga tena, mpaka ukanenepa kama kidole kilichovimba.

Na mgongo wenyewe ulikuwa wa kulala. Ukikaa kidogo bila kazi unajizima ili betri isife. Waya ulipokuja ulikuwa na kitufe cha kuuamsha, na kitufe kilivunjika msimu wa mvua wa kwanza. Basi mzee akagundua kwamba akipiga klak moja ya bure, habari inapita kwenye waya, mgongo unashtuka, unavuta pumzi, taa yake nyekundu ya ubavuni inageuka kijani. Hapo ndipo anapiga ya pili. Ile ya kwanza haibaki popote. Lenzi imewatazama, imefumbua jicho lote, na nyuma yake hakuna kilichoshika.

Akipiga ya pili haraka mno, taa ingali nyekundu, mgongo unashika nusu usingizini. Picha inatoka zambarau, kama mdomo wa mtoto aliyekula matunda ya safu, na watu ndani yake wanaonekana kama wamelala chini ya maji. Hilo mliweke kichwani.

Watu walimcheka, na mimi nilicheka nao. Kulikuwa na kijana wa toleka, baiskeli yake ya kubeba abiria ameipamba maua ya plastiki mpaka kwenye breki. Alisimama kila siku kula mikate yangu na kumchokoza mzee kupitia dirishani.

"Papa Foto! Telefone yangu imekwisha kupiga picha kumi, sanduku yako ingali inapiga miayo!"

"Hizo kumi, umeziangalia?"

"Niziangalie nini? Ziko ndani."

"Alors, ziko sawa na ya kwanza yangu."

Kijana alicheka na mdomo umejaa mkate. Mimi nilielewa nusu, na nusu hiyo ilinitosha kupata baridi mgongoni mbele ya mafuta ya moto.

Kupita mbele ya kamera kati ya klak mbili ilikuwa kosa kubwa kuliko kutukana. Siku moja kwaya nzima ya kanisa ilikuja, kina mama wa sauti ya juu mbele, wanaume wa besi nyuma wamesimama juu ya kreti za bia zilizogeuzwa. Klak ya kwanza. Hapo kuku wangu akaingia mlangoni, akapita mbele yao taratibu, akatoka kwa dirisha. Papa Foto akainuka, akafunika sanduku kwa kitambaa, akawaambia watu wote watoke nje na waingie upya.

"Papa, ni kuku tu!" kiongozi wa kwaya akapiga kelele. "Jua linatuyeyusha na hizi sare!"

"Najua ni kuku. Lakini sasa imebeba."

"Imebeba nini?"

"Mutoke, mama. Muingie tena."

Walitoka, wakaingia tena, wamenuna wote, na picha yao ikatoka ya watu walionuna. Yule kuku hakuna aliyetaka kumnunua tena mtaani. Nilimpika mwenyewe. Alikuwa na ladha ya kuku.

Na msidhani alikuwa mtu wa waganga. Alikuwa shemasi. Jumapili alivaa koti la kijivu na kukemea wanawake wanaofunga nyuzi viunoni mwa watoto, na Jumatatu asubuhi unamsikia: ya kwanza haiko yenu. Alichukia simu, lakini ujumbe wa simu yake nilimsomea mimi, na akiupenda alitaka niusome mara ya pili. Alipiga picha mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe hakupigwa. Nilimpiga mara moja kwa simu ya jirani, kwa siri, anakula mkate, sukari kwenye ndevu. Picha nzuri kabisa. Alipoiona hakukasirika. Alisema, "Futa. Hukuniambia nikae vizuri." Nikafuta. Mimi nilikuwa nafuta. Yeye hakufuta kitu maishani mwake.

Maana msimu wa mvua waya ule uliingia unyevu na kuanza kupeleka habari wenyewe. Hakuna aliyebonyeza, lenzi imefumba, sanduku liko juu ya meza limefunikwa, na mgongo unaandika picha. Picha ya giza. Alizikuta asubuhi, nyeusi, na alizitunza zote. Courant, umeme, ikirudi (barrage iko nyuma yetu, maji yake tunayasikia, na bado tunakaa gizani, hiyo ni hasira nyingine), anawasha kompyuta yake ya zamani na kukaa mbele ya zile picha nyeusi, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayeangalia albamu ya harusi.

"Papa, unaangalia nini? Iko nyeusi."

"Iko nyeusi kwa nani?"

Alisogeza kitu kwenye kompyuta, weusi ukawa kijivu, kijivu kikajaa chenga kama mchanga, na kwenye kona kukatokea doa la zambarau.

"Unaona bega?"

Sikuona bega. Naapa kwa watoto wangu sikuona bega. Lakini tangu siku ile sikukaa tena nikiwa nimeligeuzia mgongo dirisha lile.

"Image haipotei," alisema. "Iko njiani."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Hakusema picha imeharibika. Picha zote zilizokufa mikononi mwake zilikuwa njiani.

Sasa niseme ya wanangu.

Nilizaa mapasa, mapacha mnavyosema wengine. Wasichana, Mbo na Mpia. Kwa watu wa mume wangu, watu wa mto upande wa Isangi, mapasa wana sheria. Ukimpa mmoja, mpe na mwingine, kitu kilekile, wakati uleule, mkono huu na mkono huu. Ukimsalimia mmoja, msalimie wa pili, la sivyo yule aliyenyimwa anakasirika na kuondoka. Na wasipigwe picha kabla ya siku ya kuwatoa nje. Mama mkwe wangu alikaa mlangoni kwangu kama askari. Mume wangu alikuwa ameshakwenda Bafwasende kuchimba dhahabu, na simu yenye kamera alikwenda nayo. Mimi nilibaki na simu ya vitufe. Nilikuwa na diplôme yangu ukutani, na sheria nikaifuata hivyohivyo.

Siku ya kuwatoa ilifika, nyimbo, majani, vumbi jeupe usoni, wanawake wanatukana matusi ya furaha kama inavyotakiwa kwa mapasa. Tukawapeleka moja kwa moja kwa Papa Foto. Hakukuwa na courant, taa zake kubwa hazikuwaka, akasema atatumia mwanga wa dirisha na lenzi itabaki wazi kwa muda, watoto wasitingishike. Watoto wa miezi miwili! Aliwalaza kwenye shuka nyeupe, Mbo kushoto, Mpia kulia. Akainama.

"Bamama wadogo," akawaambia, "ya kwanza haiko yenu."

Klak. Mbo akaanza kulia na kurusha miguu. Mama mkwe akaanza kuimba ili amnyamazishe, wanawake wakaitikia, na katika kelele ile mzee akabonyeza ya pili. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni. Niliiona taa. Ilikuwa nyekundu bado.

Alitazama kioo cha nyuma. Halafu akakifunika kwa kiganja.

"Imetoka?"

"Bado iko njiani."

"Piga ingine basi."

"Betri imekufa, mama. Courant ikirudi, muje na wote wawili."

Courant ilipochelewa, homa haikuchelewa. Ilimchukua Mpia kati ya asubuhi na mchana. Kwenye kituo cha afya walimtoboa kichwani wakamtundikia serum, maji ya dripu, halafu wakaja kuitoa, na nilipoona wanavyoikunja ile mipira taratibu nikajua. Mama mkwe akanishika mdomo, kwa mkono, kweli. Ukimlilia pasa mmoja, wa pili anamfuata. "Usiseme amekufa. Sema amekwenda kutafuta kuni."

Kwa hiyo sikulia. Nilikaanga mikate. Watu waliuliza, nikasema amekwenda kutafuta kuni, mtoto wa miezi miwili, kuni. Sasa nasema: amekufa. Naandika hapa. Hakuna kuni.

Na wakaanza na lile neno lao. "Una bahati, Mama Mapasa. Sura ni moja. Ukimtazama Mbo, umemwona Mpia." Jirani alisema, mchungaji alisema, mume wangu alisema kwa simu kutoka msituni na sauti inakatikakatika. Sura ni moja. Sura si moja! Mpia alikuwa na unyusi mmoja uliokaa juu kidogo ya mwenzake, kama mtu aliyeambiwa uongo na anaujua. Mbo hana. Mimi niliyewazaa niliwatofautisha gizani kwa kunusa.

Lakini Mbo alikua. Sura yake ikanenepa, ikapata meno, ikapata maneno, na kila ilivyokua ilikula ile nyingine. Nilikuwa nakanda unga, namtafuta Mpia kichwani, anakuja Mbo. Namtafuta tena, anakuja Mbo, anacheka. Mtoto wangu alikuwa anakufa mara ya pili ndani ya kichwa changu, na mahali pengine pekee alipokuwa ni ndani ya lile sanduku.

"Nipe picha yangu."

"Haikutoka, mama."

"Nilikuona ukifunika."

"Haikutoka."

"Nipe hivyo hivyo mbaya. Nipe zambarau. Nipe doa!"

"Haiko ya kutoa," akasema, na akaingia ndani.

Haikutoka, haiko ya kutoa. Mimi si mjinga, nilisikia tofauti.

Kuna siku alitoka na picha mkononi, uso wake umelainika, akanionyesha. Wavulana wawili kwenye benchi lake, mashati ya mistari, wameshikana mabega. Ni wa mama mmoja aliyekuja kutoka Yahuma, akasema. Mapasa.

"Wazuri," nikasema.

"Huyu iko mumoja."

Sikuelewa. Akaeleza kwa upole, kama anatoa zawadi. Mwenzake alikuwa amekwisha kwenda. Mama wa Yahuma hakuwa na picha. Basi akamkalisha huyu aliyebaki kushoto, akapiga, akambadilisha shati, akamkalisha kulia, akapiga, akawaunga kwenye kompyuta.

"Nikufanyie hivyo? Mbo hapa, Mbo hapa. Moyo itatulia."

Nilimrushia bakuli la bui, uji wa watoto. Ulikuwa umepoa, bahati yake. Akajipangusa uso kwa kitambaa cha kamera.

Tangu siku ile macho yangu yaliharibika. Nikipeleka mikate kwenye matanga, nikiona ukutani picha ya mapasa, nasogea. Natafuta masikio. Natafuta makovu. Nyumba moja karibu na soko niliona wavulana wawili, na kwenye magoti yao, mmoja na mmoja, kovu lilelile lenye umbo la ndoano. Mama mwenye nyumba aliniona ninavyotazama.

"Alikutengenezea na wewe?" akaniuliza.

"Nilikataa."

"Ulifanya vizuri." Akashusha sauti. "Huyu mutoto hapiti hapa mbele ya picha. Anazunguka kwa nje, hata kwa mvua. Nilimwambia, unaogopa nini, wote wawili ni wewe. Akaniambia, hapana mama. Mimi nilikaa kushoto tu."

Mtaniuliza kwa nini nilibaki kwenye baraza lake. Wenzangu waliniuliza. Niende wapi? Uso wa mwanangu ulikuwa ndani ya nyumba ile. Ningehamisha sufuria ningemwacha humo peke yake. Basi nikakaa, miaka minne, nakaanga na kununa, na yeye ndani anabonyeza, klak, kimya, klak, na kila asubuhi anatoa mkono dirishani kuomba mikate miwili. Miwili daima. Aliula mmoja. Wa pili aliuweka juu ya meza karibu na sanduku, na jioni haukuwepo, na panya nyumbani mwake sijawahi kuona.

Juzi aliniita.

Macho yake yamekwisha. Yameingia ukungu, yamekuwa kama macho ya samaki aliyekaa sokoni mpaka mchana. Watu wake wamekuja kumchukua, anakwenda Yanonge kwa baleinière, boti ya mbao ya mtoni, na studio imekwisha kubebwa, meza, taa, mapazia. Zilikuwa zimebaki benchi, kitambaa cha bluu, kompyuta na mashine yake ndogo ya kuchapa, na sanduku juu ya miguu yake mitatu.

"Mama Mapasa," akasema dirishani. "Lete mutoto."

"Mutoto gani? Niko nao wawili."

"Ule anaweza kutembea."

Nilitaka kumtukana. Lakini courant ilikuwapo, na sauti yake haikuwa ya kila siku. Nikamnawisha Mbo uso, nikaingia naye. Mzee alimkalisha katikati ya benchi kwa kupapasa mabega yake. Halafu akapapasa sanduku, akafuata waya kwa vidole kutoka lenzi mpaka mgongo, akausukuma uingie vizuri.

"Taa siioni tena," akaniambia. "Simama hapa. Ikikuwa kijani, unisemeshe."

Akainama, ingawa kuinama hakumsaidii tena.

"Mbo. Ya kwanza haiko yako."

"Najua," Mbo akasema.

Klak.

Na mwanangu, aliyekaa katikati ya benchi, akainua makalio na kusogea. Akasogea mpaka mwisho wa kushoto, akashikilia ubao asianguke, akageuza uso kutazama upande wa kulia wa benchi, pale patupu. Hakuna aliyemwambia kitu.

"Mbo! Rudi katikati."

"Hapana, mama. Tutabanana."

"Taa?" mzee akauliza.

Nilikuwa nimesahau kuitazama. "Kijani," nikasema.

Klak.

Mashine ilichapa polepole, mstari kwa mstari, ikilia. Mbo wangu akatoka, mkubwa, mzuri, amekaa pembeni, anatazama kando. Papa Foto akapapasa kona za karatasi. Halafu akachukua Biblia yake ya shemasi kutoka kwenye mfuko wa safari, akatoa ndani yake picha nyingine ya ukubwa uleule. Akashika moja mkono huu na moja mkono huu, akaninyooshea zote pamoja.

"Shika mara moja. Zote mbili."

Ile ya pili ilikuwa zambarau. Upande wa kushoto wa shuka kulikuwa na ukungu tu, kama mtu alipumulia kioo: ni Mbo na miguu yake, lenzi ilipokuwa wazi. Upande wa kulia alikuwa Mpia. Ametulia. Hakuna kilichotingishika kwake, hata kope. Anatazama kushoto, kwenye ule ukungu, na unyusi mmoja uko juu.

Nilikaa chini sakafuni. Sura si moja. Miaka minne niliwaambia. Sura si moja.

"Ulisema haikutoka."

"Ilitoka mumoja tu, mama." Alikuwa anaongea na mahali nilipokuwa nimesimama kabla. "Ningekupa vile, nimepa Mpia, nimenyima Mbo. Unajua sheria. Ule ananyimwa, anaondoka. Nikaficha ili Mbo abakie."

"Aliyeondoka ni Mpia!"

"Ndiyo. Ule iko ndani ya image ndiye aliondoka. Siku hiyo nilijua sijui kitu. Kisha nikaogopa zaidi. Nikikupa, ni Mpia peke yake anapewa tena, na huyu iko hai. Nikangoja huyu ajue kukaa. Sasa ziko mbili. Sasa unaweza kubeba."

"Miaka mine!" Nilipiga kelele mpaka kijana wa toleka, aliyekuja kubeba mizigo, akachungulia mlangoni na kurudi nyuma. "Miaka mine natafuta uso wa mutoto wangu ndani ya uso wa mwenzake! Unakula mikate yangu! Unanisikia nje pale! Ungenipa, nikararue, nikazike, nikalilie! Sikumulilia hata siku moja!"

Hakuomba msamaha, na angeomba ningemuuma.

"Bon," akasema. "Kasirika. Lakini usiziachanishe."

Mbo alizichukua mikononi mwangu wakati ule nalia, maana nilikuwa nalia, hatimaye, na sikuangalia nani atamfuata nani. Akaziweka juu ya benchi. Yake kushoto, ya zambarau kulia. Mmoja anatazama kulia, mmoja anatazama kushoto. Ukiziweka hivyo, wanatazamana machoni.

Mbo akainama karibu kabisa na ile zambarau.

"Yeye iko mudogo bado," akasema, kama mtu anayeshangaa kwamba mwenzake hajala vizuri.

Nje kijana wa toleka akagonga kengele. "Papa Foto, baleinière haingoji!" Mzee akapeleka mkono kwenye waya ili auchomoe. Vidole vyake vilikwisha kuushika.

"Papa, ngoja," nikasema. Miaka minne sikumwita Papa.

"Nini tena?"

"Moja ingine."

"Betri inakufa, mama. Na imelala tena."

"Ndiyo. Piga ya kwanza tu. Ya pili, acha."

Aliinua yale macho meupe na kunitafuta. Nilifikiri atacheka, au ataniuliza swali nililomuuliza mimi miaka yote. Hakuuliza. Aliusukuma waya urudi mahali pake, akainama juu ya sanduku.

Niliinuka sakafuni nikakaa kwenye benchi, mwisho wa kulia. Mbo alipanda mwisho wa kushoto. Katikati tuliacha nafasi, si kubwa. Nilijipangusa pua. Nilikaa vizuri, nilitazama vizuri.

Klak.

Hakuna aliyesogea. Kutoka pale nilipokaa niliiona taa inageuka kijani, na sikumwambia.